Upande Usiolindwa

Kila asubuhi, kabla mega za siku hazijakwisha, simu za Uvira hupokea mahubiri. Ni sauti nzito ya mtu ambaye hakuna ajuaye anaishi wapi, piano ikilia polepole nyuma yake, na ujumbe haubadiliki: vunja mazoea, amka saa kumi za usiku, jaribu kitu kipya kila siku, mwaka huu uwe mtu mwingine. Hutoka kikundi cha kanisa ukaingia cha familia, ukatoka cha familia ukaingia cha wale waliosoma pamoja sekondari. Msikilizaji akimaliza huitikia amina, huweka simu mfukoni, hushuka barabarani na kuelekea pale pale alipokuwa jana saa kama hiyo.

Simlaumu. Mahubiri ya namna hiyo yalitungwa kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake yametulia mno: mshahara unaingia, umeme haukatiki, na kinachomsumbua ni kuona siku zinafanana. Sisi wa huku kaskazini mwa Tanganyika hatujawahi kukosa mabadiliko. Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani, mto Mulongwe ukaacha njia yake na kupita katikati ya nyumba za watu. Makumi walikufa, na maelfu ya familia zikalala nje. Ziwa nalo lilikuwa linapanda. Mwaka 2024 lilipanda tena, na watu wa kando, huku kwetu na ng'ambo Bujumbura, wakaona maji yakiingia sebuleni bila kupiga hodi. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 na serikali ya jimbo ikahamia hapa. Desemba ya mwaka huo vita vikaingia Uvira yenyewe, na maelfu wakavuka kwenda Burundi na kile walichoweza kubeba. Mwambie mtu aliyepitia hayo kwamba anapaswa kuvunja mazoea yake. Atakuuliza, kwa adabu, ni yapi hayo yaliyobaki.

Ndiyo maana mtu wa hapa akiyapata mazoea huyashika kwa mikono miwili. Kuuza kwenye meza ile ile, kununua unga kwa mama yule yule, kupanda pikipiki ya motari anayemjua kwa jina, kukaa kwenye benchi lile lile siku ya Jumapili: mambo haya humwambia kwamba leo si siku ya kukimbia. Anayeyacheka hajawahi kukimbia.

Hata hivyo nataka kulitetea wazo lenyewe, nikilitoa kwanza mikononi mwa wahubiri wa simu. Mtu ambaye mabadiliko makubwa humjia bila kuulizwa, huyo hasa ndiye anayehitaji mabadiliko madogo aliyoyachagua mwenyewe. Na yawe madogo kweli: ya bei ambayo unaweza kuipoteza kabla jua halijazama na bado watoto wakala. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye hayo mawili.

Nianzie mbali kidogo. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi mjini London waligoma kwa siku mbili. Vituo vingi vilifungwa, vingine vikabaki wazi, na mamilioni ya watu wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kufika kazini. Wachumi watatu, Shaun Larcom, Ferdinand Rauch na Tim Willems, walichukua kumbukumbu za kadi za nauli na kuangalia watu walifanya nini kabla ya mgomo, wakati wa mgomo na baada yake. Mgomo ulipokwisha, karibu mtu mmoja katika kila ishirini hakurudi kwenye njia yake ya zamani. Alikuwa amegundua iliyo bora. Kumbuka kwamba hao ni watu wanaofanya safari moja mara mbili kwa siku, miaka nenda miaka rudi, katika mji wenye ramani ukutani kila kituo. Tena ramani yenyewe ilikuwa sehemu ya tatizo: ni ile maarufu iliyonyoosha mistari na kubana umbali ili ipendeze machoni, na mahali ilipopotosha zaidi ndipo watu wengi zaidi walipogundua njia mpya.

Wahubiri wa simu wangelipata fundisho hili wangelipiga tarumbeta. Mimi naliona lina pande mbili. Watu kumi na tisa katika kila ishirini walirudi walikotoka, na pengine walikuwa na haki: njia yao ilikuwa nzuri. Na yule mmoja aliyefaidika hakuhitaji mgomo. Angeweza kugundua jambo lile lile siku yoyote ya wiki, kwa kuchelewa dakika kumi, endapo tu angejaribu. Mabadiliko ya kulazimishwa hufundisha, lakini karo yake ni kubwa mno. Daraja likienda na maji, mchuuzi hujikuta upande wa pili wa mto akiuza kwa watu wasiomjua, na wakati mwingine huko ndiko anakopata wateja wazuri kuliko wale wa zamani. Nani anataka kusomeshwa na mafuriko?

Sasa turudi nyumbani, maana hapa Uvira tunalo fundisho ambalo London hawana, nalo liko chini ya maji.

Mji huu una kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, kilichotokana na taasisi ya Wabelgiji iliyoitwa IRSAC na kuanza kazi hapa miaka ya 1950. Wengi tunapita mlangoni pake bila kuuliza kinachofanyika ndani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Kijapani walikuja kufanya kazi na wenzao wa Kongo, wakipiga mbizi kwenye miamba ya kusini mwa mji na kuwahesabu samaki mmoja mmoja. Kati yao alikuwa Michio Hori. Mwaka 1993 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wake kuhusu samaki mdogo wa ufukwe wetu, Perissodus microlepis, na tangu hapo wanafunzi wa biolojia duniani humsoma vitabuni, wakati sisi tunaoishi juu ya kichwa chake hatuna habari naye.

Samaki huyu anaishi kwa magamba ya samaki wenzake. Humnyemelea mwenzake kutoka nyuma, humrukia ubavuni, hung'oa magamba machache na kukimbia. Ajabu iko kwenye mdomo: umepinda. Wengine umepinda kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa mawindo yake, aliyepinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Hori alijiuliza: kwa nini aina zote mbili zipo, na kwa nini moja haijaimaliza nyingine?

Jibu liko kwa wale wanaoliwa. Samaki wanaong'olewa magamba nao wana akili. Wenye mdomo wa kulia wakiwa wengi, mawindo huzoea kushambuliwa kutoka kushoto, hivyo hulinda ubavu wa kushoto. Hapo wale wachache wenye mdomo wa kushoto hukuta upande wa pili hauna mlinzi, hula vizuri, huzaa vizuri, na baada ya miaka michache wao ndio wanakuwa wengi. Mawindo hubadilisha ulinzi, na mzani unarudi. Katika hesabu za Hori za miaka kumi hivi, idadi ilikuwa ikipanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Hakuna upande ulio bora milele. Ubora upo, kwa muda, upande ambao wengi hawaufanyi.

Nikiwa sokoni Mulongwe humfikiria sana samaki huyu. Mama mmoja akianza kuuza kitu kikaenda, baada ya muda meza zote za mstari huo zinauza hicho hicho, kwa bei ile ile, kwenye mabeseni ya rangi ile ile. Pikipiki za kwanza mjini zilimlisha mwenyewe na ukoo wake. Leo motari wanangojea abiria wamepanga mstari kwenye kila kona. Mwavuli wa kutuma na kupokea pesa kwa simu ulikuwa kazi ya vijana wachache waliothubutu. Leo unaweza kutembea kutoka mwavuli mmoja hadi mwingine bila jua kukuchoma. Watu hawa si wavivu na si wajinga. Walifanya kile kilichoonekana kinalipa, na kilipoonekana na wote kikaacha kulipa.

Mfano wa samaki unakoma mahali pamoja: yeye huzaliwa na mdomo wake na hufa nao. Hawezi Jumanne kujaribu upande wa pili. Sisi tunaweza, ingawa si kwa kutamani tu. Mtu ambaye kwa miaka mitano hajawahi kuangalia upande mwingine hataanza kuangalia siku ile biashara yake inapokufa. Siku hiyo atakuwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia anachokijua. Macho huzoezwa wakati wa amani, kwa vitu vidogo visivyo na maana kubwa.

Vidogo kiasi gani? Chukua ndakala. Tangu mababu, ndakala wa ziwa hili walikaushwa mchangani. Unamwaga, unatandaza, unageuza, unaomba mvua isinyeshe. Samaki hukauka na mchanga wake, kuku na mbuzi hupita juu, mvua ikija usiku mali imeoza. Mwanamke anayekausha huinama kutwa nzima, na anayenunua hutafuna mchanga na kulipa bei ya mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ng'ambo ya Burundi, mradi wa FAO ulileta jambo ambalo ukilieleza linachekesha kwa udogo wake: kumwinua samaki kutoka chini. Nguzo za miti, wavu wa waya juu yake, kimo cha kama mita moja. Basi. Upepo hupita juu na chini, samaki hukauka kwa saa badala ya siku, mvua ikitishia unafunika, na mkaushaji anafanya kazi amesimama wima. Ndakala akawa safi, bei ikapanda, akasafiri mbali zaidi na ziwa. Wengi wa waliozijenga chanja hizo baadaye hawakuhudhuria semina yoyote. Walimwona jirani, wakahesabu, wakaenda kutafuta waya.

Kilichonivutia katika habari hii ni kwamba hakuna aliyeacha kazi yake. Samaki ni yule yule, jua ni lile lile, mnunuzi ni yule yule aliyekuja na baiskeli. Kilichobadilika ni mita moja. Na bado mita hiyo ilikuwa inangojea kwa vizazi, ingawa miti ipo, na waya haukuanza kuuzwa jana. Ukitembea upande wetu wa ziwa bado utakuta ndakala mchangani. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya, na kidogo baadaye, kwa sauti ya chini zaidi, utaambiwa bei ya waya.

Jibu la pili ndilo la kuheshimiwa. Watu wa vitabu vya mafanikio huona woga au uvivu pale ambapo kuna hesabu. Mama mwenye mtaji wa beseni kumi za ndakala, aliyeukopa nusu yake, akipoteza beseni zote kwa jaribio moja, mwezi huo mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule. Akibaki kwenye mchanga atapata kidogo, lakini atapata. Mimi pia ningebaki. Ushauri wa kumwambia aruke macho yamefumbwa hutolewa na mtu ambaye akianguka ataangukia kwenye godoro. Ila beseni moja kati ya kumi anaweza kuijaribu. Aikaushe juu ya kipande cha chandarua chakavu kilichofungwa kwenye miti minne nyuma ya nyumba, aone kitakachotokea. Ikiharibika amepoteza beseni moja. Ikifaulu amepata jambo ambalo hakuna mhubiri angeweza kumpa: amejionea kwa macho yake, kwenye samaki wake.

Kuna jaribio jingine lisilogharimu hata beseni. Nalo ni la watu.

Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala ambayo bado inasomwa. Alikuwa amewahoji watu wa Newton, mji mdogo karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi muda si mrefu. Aliwauliza wale waliosikia habari ya kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Ungetegemea waseme ni rafiki wa karibu, ndugu, mtu wa kila siku. Chini ya mmoja katika watano ndiye aliyesema hivyo. Wengi walisema tulionana mara moja moja, na zaidi ya robo walisema tulikuwa tukionana kwa nadra sana, labda mara moja kwa mwaka. Sababu yake ukishaielewa unajishangaa kwamba hukuijua: rafiki wa karibu anajua unayoyajua. Mnasali pamoja, mnakunywa pamoja, habari ikimfikia yeye imekufikia na wewe. Habari mpya hukaa kwa mtu wa duara jingine.

Sisi tunalalamika, na tuna haki, kwamba kazi Kongo hupatikana kwa kujuana. Tukisema kujuana tunamaanisha mjomba ofisini. Lakini kujuana kwa Granovetter ni kwa namna nyingine, na hakuhitaji mjomba. Kunahitaji muuguzi awe amewahi kuzungumza na mfanyabiashara wa Kalundu, mwalimu awe anamfahamu fundi wa injini za boti, kijana anayebadilisha pesa pale Kavimvira awe amewahi kumuuliza dereva wa lori kwamba mzigo huu, baba, unatoka wapi na kwa nini leo mmekuja watatu badala ya kumi. Tuna salamu ndefu kuliko watu wengi duniani. Tunauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za wagonjwa, na mwenzetu anajibu nzuri kwa zote hata kama amefiwa. Baada ya nzuri ya mwisho ongeza swali moja la kweli, kwa mtu mmoja kwa siku ambaye hujazoea kuzungumza naye. Motari anayejifunza kuhesabu kwa Kirundi kutoka kwa abiria wake, tarakimu moja kwa safari, hajapoteza nauli ya mtu. Baada ya miezi michache anabeba wateja wa Gatumba ambao wenzake wanaogopa kupatana nao bei.

Wapo watakaosema dawa ya mazoea ni kusafiri. Lugha yetu yenyewe haijakubaliana juu ya hilo: huku tunaambiwa mtembea bure si mkaa bure, kule tunaonywa kwamba mtembezi hula miguu yake. Uvira inao ushahidi wake. Tarehe 26 Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wametoka pwani mwaka uliotangulia, wakaugua homa, Burton akawa hawezi kutembea, Speke akawa haoni vizuri. Walikuja kwa swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Wana wa mtemi Maruta wa Uvira waliwajibu waziwazi kwamba unaingia. Wageni hawakufika mdomoni mwa mto kujionea, maana wapiga makasia walikataa kuendelea. Wakarudi. Na baada ya miaka sita, mwaka 1864, Burton, ambaye sasa alikuwa amegombana na Speke, aliandika kitabu akitetea kwamba Ruzizi unatoka ziwani. Jibu alilopewa hapa na watu waliokunywa maji ya mto huo alilitupa, kwa sababu halikumsaidia kwenye ugomvi wake. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi mdomoni wakaona maji yakiingia, kama wana wa Maruta walivyosema.

Burton alivuka nusu ya bara na hakubadilika mahali palipotakiwa. Katika msafara huo huo alikuwamo mtu niliyempenda zaidi: Sidi Mubarak Bombay. Alikamatwa akiwa mtoto katika nchi ya Wayao, akauzwa, akapelekwa India akiwa mtumwa. Bwana wake alipokufa akapata uhuru na kurudi Zanzibar, akawa askari. Hakuchagua hata hatua moja ya safari ile ya kwanza. Lakini alikijua Kihindustani, Speke naye alikijua, na kwa lugha hiyo akawa mkalimani wake, kisha kiongozi wa misafara, pamoja na ule wa Stanley wa 1871 na ule wa Cameron uliovuka Afrika. Mwisho chama cha wanajiografia cha London kilimlipa pensheni. Siwezi kusema utumwa ulimfaa. Mtu asiniwekee maneno hayo mdomoni. Nasema kwamba alichojifunza kwa kulazimishwa alikigeuza kuwa kazi kwa sababu hakuacha kujifunza alipokuwa huru.

Kwetu hapa wako wengi wa aina yake. Watu waliojifunza kushona kambini ng'ambo, waliorudi na Kirundi kizuri kuliko walichoondoka nacho, waliojua kutengeneza simu kwa sababu walikaa miezi hawana cha kufanya. Wakirudi tunawauliza walichopoteza. Ni nadra kuwauliza walichokuja nacho.

Kwa wanaofanya kazi ya mshahara pia, anayejua upande mmoja tu yuko hatarini. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, hapo juu kidogo kwenye uwanda wa Ruzizi, kiliajiri watu wengi, kikasimama vita vilipokuja mwaka 1996. Kazi ya mtu mmoja ndani ya kiwanda kikubwa huwa nyembamba: unajua vali yako, unajua mizani yako. Mwajiri huipenda hivyo kwa sababu mashine inakwenda. Ila mwajiri mwenye hekima, awe wa hospitali, shule au duka la vifaa vya ujenzi, angemruhusu mtu wake saa moja kwa wiki kusimama kwenye nafasi ya mwenzake. Mhasibu akae kwenye ghala, mtu wa ghala akae kaunta. Siku mmoja wao akiugua au akikimbia, kazi haifi. Nimewahi kulipendekeza hili mahali fulani nikaambiwa litaleta vurugu. Labda.

Nisieleweke vibaya lakini. Yako mazoea ambayo anayeyavunja ni mpumbavu. Katika mji unaojulikana kwa kipindupindu kama huu, kutia klorini kwenye maji ya kunywa ni mazoea ya kushikwa hata mtu akichoka vipi. Kufika nyumbani kabla ya giza ni mazoea. Kujua njia mbili za kutokea kartie yako ni mazoea tuliyofundishwa na bunduki. Mtu wa London anaweza kupotea njia kwa raha yake. Hapa kujaribu kichochoro kipya saa mbili usiku ni kuchezea roho. Jaribu mchana, na useme nyumbani unakokwenda.

Na sina ushauri kwa mwanamke ambaye siku yake imejaa tangu maji ya alfajiri hadi sufuria ya mwisho. Kumwambia aongeze jambo jipya juu ya hayo ni kumwongezea mzigo na kuuita zawadi. Kwake kitu kipya cha kwanza kiwe cha wengine: mume achote maji Jumamosi, kijana wa kiume asonge bugali. Wao ndio wenye mazoea ya kuvunja.

Tumebaki na swali la nani alipie majaribio. Hapa nina pendekezo, na nalitoa kwa wana-AVEC, wale wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu sijaona chombo kingine katika mji huu kinachokutana kila wiki bila kukosa. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na leo umeenea Afrika nzima. Kila mwenye kikundi anajua sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu. Anajua mfuko wa akiba na mikopo, na mfuko mdogo wa jamii unaotolewa kwa msiba na ugonjwa. Ongezeni mfuko wa tatu. Kila mtu atie humo kiasi kile ambacho kikianguka njiani hatarudi kukitafuta. Kila wiki mwanachama mmoja, kwa kura, apewe jumla yake ajaribu kitu ambacho hajawahi kukifanya katika kazi yake: waya wa chanja, nauli ya kwenda kuona soko la Sange, masomo ya wiki moja ya kompyuta, beseni la kitu ambacho hakuna anayekiuza mstari wake. Pesa hiyo hairudishwi. Anachodaiwa ni maelezo: mkutano unaofuata asimame aseme kilichotokea, hata kama kimeharibika, hasa kama kimeharibika.

Najua atakayepinga kwanza. Ni yule mama mwenye ufunguo wa kwanza, ambaye ameona pesa nyingi zikiliwa katika maisha yake, na atasema tumeanza kulipia michezo. Ninamheshimu, na ningemwomba apige hesabu nami. Kikundi kina watu ishirini na watano. Baada ya wiki ishirini na tano kila mmoja amelipia jaribio moja, kwa vipande vidogo vidogo, na amesikia habari za ishirini na tano. Kama ishirini kati yake ni hasara, bado kikundi kinajua mambo ishirini yasiyofaa ambayo hakuna mwanachama atakayepoteza mkopo wake kwayo, na matano ambayo soko bado halijaanza kuyalinda. Kisha aseme, yeye mwenye ufunguo, ni kiasi gani tulitoa mwaka jana kwa sare za harusi.